Shemeji Pedeli na Matofali Yake

Shemeji yangu hakai. Hata akikaa, hajakaa. Mguu wake wa kulia unapiga sakafu saa zote kama anaendesha cherehani, na kwa kuwa kazini kwetu kila mtu anaendesha cherehani, haikuisha wiki wakawa wameshambatiza Pedeli. Mimi namwita shemeji. Ni mdogo wa mume wangu, ana miaka arobaini na moja, hana mke wala mtoto, na mwaka huo ninaousimulia alikuwa analala sebuleni kwetu, kwenye kochi fupi, miguu nje.

Msinielewe vibaya, nampenda shemeji yangu. Kabla hajaja, nyumba yetu ilikuwa kimya utadhani ofisi siku ya Jumapili. Mume wangu ni mtunza ghala, mtu wa kuhesabu maboksi na kuyahesabu tena, na akirudi nyumbani anataka kila kitu akikute pale alipokiacha. Mdogo wake ni kinyume chake kabisa. Chai anakunywa amesimama. Shati anavaa huku anatembea. Ukimtuma chumvi dukani anarudi na kiberiti na habari za mtaa mzima. Nikifoka ananiambia, "Shemeji, hasira zako zingekuwa umeme, tusingekatiwa hata siku moja," na mimi nacheka hata kama sikutaka.

Kazi yake ni kukata nguo. Si kushona, kukata. Anatandaza kitambaa mezani, anapanga paterni za karatasi juu yake, anachora kwa chaki, anakata, halafu vipande vinakuja kwetu washonaji. Mkono anao, hilo hata asiyempenda hakatai. Ila papara! Karakana ya kwanza walimfukuza kwa kukata suruali thelathini bila kuacha nafasi ya pindo. Ya pili walimfukuza kwa kumwambia tajiri mbele ya wateja kwamba hajui kupima. Ni kweli tajiri alikuwa hajui kupima, lakini ndiyo umwambie? Basi ndipo mimi nikaenda kwa bosi wangu, mimi niliyeshona pale miaka kumi na tisa, mwenye kiti cha dirishani, kiti cha mshonaji mkuu, nikamwambia, "Mchukue huyu. Namjua."

Siku hiyo hiyo, tukiwa tunakula, mume wangu aliweka kijiko chini.

"Wewe ni ndugu yangu, tumbo moja," akamwambia mdogo wake. "Lakini nisikilize. Hapo alipokutafutia shemeji yako, ukifukuzwa, usije kulala hapa. Chukua begi lako uende unakokujua. Nimechoka."

Shemeji akacheka, akidhani ni utani. Mume wangu hakucheka. Mimi nilijua hatanii, kwa sababu yule bwana akishasema neno ni sawa na ameliandika kwenye daftari la ghala, na daftari la ghala halifutwi.

Sasa nije kwenye gemu la hao ndugu wawili.

Walipokuwa wadogo, baba yao aliwaletea mashine ya gemu, kasha la kijivu ambalo siku hizi lina rangi ya meno ya mvuta sigara. Kaseti zilikuwa tano, imebaki moja tu, ile ya matofali yanayoanguka. Labda mmewahi kuiona. Matofali yanashuka kutoka juu ya skrini, moja moja, kila moja na umbo lake: kuna sanduku, kuna fimbo, kuna jembe, kuna nyoka. Kazi yako ni kuyasogeza na kuyageuza yaingiane chini bila kuacha pengo. Mstari ukijaa unafutika. Usipojaa, matofali yanarundikana mpaka juu, muziki unaanza kukimbia, na ukifika juu umekwisha. Hakuna kushinda. Kuna kuchelewa kushindwa tu.

Mashine ilikuwa imefungiwa kabatini miaka na miaka. Shemeji aliitoa wiki ya kwanza tu alipohamia, akaipangusa vumbi, akaipuliza kaseti, akachomeka na karatasi iliyokunjwa ili ishike vizuri, akaiunganisha na televisheni yetu ya kichogo. Ubavuni mwa lile kasha kulikuwa na maandishi ya wino mzito, mwandiko wa mtoto: MISTARI 148. Ulikuwa mwandiko wa mume wangu. Alifikisha akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo hajatokea wa kumfikia.

"Mimi nimefia kwenye mia na thelathini mara ngapi!" shemeji alinilalamikia. "Kaka akafikisha, akaandika, akaacha kucheza. Yaani aliacha makusudi, ili mimi nibaki nahangaika."

Nilimuuliza mume wangu kama ni kweli. Akasema yeye hana muda wa mambo ya kitoto. Lakini alipopita karibu na televisheni nilimwona akiyatupia jicho yale maandishi.

Basi ikawa kila jioni, kabla ya chakula, shemeji anacheza. Anacheza amesimama, padi mkononi, waya umenyooka mpaka unataka kung'oka, mguu unapiga. Na mimi huyo nyuma yake na mwiko. Mwanzoni nilikuwa nalalamikia zile kelele. Baada ya mwezi nilikuwa namwelekeza. Nisiwafiche, mimi nina kimbelembele, nilizaliwa nacho na nitazikwa nacho. Nikiona pengo siwezi kunyamaza. "Geuza! Shemeji, geuza hilo! Siyo hivyo, geuza tena!" Na yeye anageuza. Cha ajabu nilikuwa sikosei. Jicho langu liliona pengo kabla ya lake, na kidole chake kilibonyeza kabla sijamaliza kusema. Tukawa tunacheza hivyo, mimi mdomo, yeye kidole. Siku moja tulifika mia na thelathini na tisa, mboga ikaungua yote, na mume wangu akala mkate mkavu.

Miezi minne ikapita salama. Halafu yakaja mahameli.

Hoteli moja mpya ilitaka vizibao thelathini vya wahudumu: mbele mahameli ya rangi ya damu ya mzee, nyuma bitana. Bosi alipata jora la mwisho dukani, hakuna jingine la rangi hiyo. Jumatano asubuhi akalibwaga juu ya meza ya kukatia. Shemeji akapima, akapanga paterni, akaizunguka meza mara tatu, akajikuna kichwa.

"Bosi, hapa vinatoka ishirini na sita."

"Mimi nimeahidi thelathini," bosi akasema. "Ijumaa saa kumi jioni nakuja na meneja wa hoteli, nataka avione vyote vimepigwa bandi, tayari kwa kumaliziwa. Vinne vilivyobaki utavitoa wapi, ni shauri lako. Unajua ulivyoingia hapa, Pedeli." Akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, akaondoka kwenda kwenye duka lake jingine.

Jioni hiyo shemeji alicheza ovyo. Alikufa mistari ishirini, akaanza upya, akafa kumi na nane. Nikimwambia geuza, anageuza mara mbili. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Mume wangu akamwambia akae, anatupa kizunguzungu. Akakaa, mguu ukaanza, vikombe vikawa vinagongana kabatini.

"Nikikosa hii kazi, kaka," akasema.

"Usiikose," mume wangu akajibu.

Alhamisi tulifika karakana kabla ya wote. Alitandaza mahameli yote, bila kuyakunja, ili apate nafasi ya kucheza. Kizibao kimoja kinataka vipande viwili vya mahameli, cha kushoto na cha kulia, kwa hiyo alihitaji sitini. Akapanga, akapangua. Hamsini na mbili. Akapangua tena. Hamsini na nne. Jasho linamtiririka, chaki imevunjika mara mbili, mguu unapiga huku mikono inapanga. Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye cherehani yangu, macho huku, roho kule. Nikashindwa. Nikainuka.

"Shemeji, si unaliona pengo hilo? Geuza!"

Akaigeuza paterni, juu ikawa chini. Ikaingia.

"Na hiyo hapo. Geuza. Na ile ya pembeni, geuza!"

Tukawa kama tuko sebuleni. Mimi mdomo, yeye mkono, bega la hii likikaa kwenye kiuno cha ile, meza ikajaa mpaka ukingoni na jora likatosha. Akahesabu kwa kidole. Sitini! Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Akachukua mkasi. Halafu akauweka chini. Akapitisha kiganja juu ya mahameli, akaenda nacho, akarudi nacho.

"Shemeji," akasema, "hiki kitambaa hakina upande kweli? Mimi nimezoea kaki za sare. Hiki sijawahi kukikata. Wewe si ulishawahi kukishona?"

Hapo ndipo. Nikizunguka vyovyote, narudi hapo hapo. Nilishawahi kushona mahameli, gauni moja la bibi harusi, zamani. Nilijua. Aliyewahi kushika mahameli anajua kwamba manyoya yake yamelalia upande mmoja, na ukigeuza kipande rangi inabadilika, huku inakuwa nzito, kule inapauka. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimelewa ile sitini, wenzangu walikuwa wameanza kuingia mlangoni, na nilitaka wakute imeshakatwa waone.

"Upande gani, bwana?" nikamjibu. "Kata, tuna kazi!"

Akakata.

Ijumaa saa nne asubuhi nilimaliza kupiga bandi, ule mshono wa kushikilia tu, kizibao cha kwanza. Nikakiinua dirishani, kwenye mwanga, nikione kilivyokaa. Upande wa kushoto damu ya mzee. Upande wa kulia kama damu hiyo hiyo imechujwa kwa maji. Nikakigeuza, nikakinyoosha, nikakiweka mbali, nikakileta karibu. Nikakifunika kwa kanga haraka, mshonaji wa pembeni asikione, nikaenda mezani kwa shemeji.

Nilimwekea mkono wake juu ya kipande kimoja, nikamvuta kiganja huku, nikamvuta kule. Upande mmoja laini, upande mwingine unakwaruza.

Mguu wake ukasimama. Jamani, miaka yote ninayomjua yule mtu, sikuwahi kuuona mguu ule umesimama. Nilitamani uendelee.

"Tuligeuza vingapi?" akauliza.

"Sijui. Tulikuwa tunageuza tu."

"Umeshashona vingapi?"

"Kimoja."

"Kifumue. Niletee vyote."

Tulikuwa na saa sita kabla ya bosi. Alisogeza kila kitu pembeni, akaanza kupokea vipande kimoja kimoja, akivipapasa, hata havitazami. Cha kushoto kilicholala chini, hapa. Cha kulia kilicholala chini, hapa. Cha kushoto kilichosimama, kule. Vidole vilikwenda mbio mpaka nikashindwa kumfuata, na mguu wake, Mungu si mtu, ukaanza tena taratibu. Ndipo nikaelewa anachofanya. Kizibao kikiwa na pande mbili zilizolala sawa, hakuna wa kuona kosa. Kitakuwa kizito chote, au kimepauka chote. Alikuwa anavitafutia wenzi.

"Kumi na nane, kumi na saba," akahesabu. "Kumi na mbili, kumi na tatu."

Kushoto vizito kumi na nane, kulia kumi na saba. Kushoto vilivyopauka kumi na mbili, kulia kumi na tatu. Vizibao vizito kumi na saba, vilivyopauka kumi na mbili, jumla ishirini na tisa. Mkononi alibaki na vipande viwili visivyopatana, kimoja kizito, kimoja kimepauka. Alivipindua kila namna anayoijua. Kipande cha mahameli hakina kitufe cha kugeuza.

Tulishona kama tunafukuzwa. Washonaji wote wanne, kila mmoja na lundo lake, hakuna aliyekwenda kula. Saa kumi kasoro robo vizibao ishirini na tisa vilikuwa vimening'inia kwenye bomba la chuma, vizito kulia, vilivyopauka kushoto. Cha thelathini nilikitia chini ya cherehani yangu.

Bosi akaingia na meneja wa hoteli. Tukasimama. Meneja akapita mbele ya lile bomba polepole, akashika hiki, akashika kile.

"Mbona rangi mbili?" akauliza.

Bosi alikuwa hajui lolote. Lakini ni mfanyabiashara wa miaka mingi. "Vizito ni vya wahudumu wa mapokezi," akasema bila kupepesa. "Hivi vingine ni vya ukumbi wa chakula. Mgeni asichanganye watu."

"Wazo zuri," meneja akasema. Akataka kimoja kiongezwe kifungo, akaahidi kutuma dereva vikishamaliziwa, akaaga. Bosi akamsindikiza mpaka mlangoni akiwa anatabasamu. Aliporudi, lile tabasamu alikuwa ameliacha nje.

"Cha thelathini kiko wapi?"

Nikakitoa chini ya cherehani. Nilikuwa nimeinama napachika kile kifungo cha meneja, na nilikuwa na pini mdomoni, kama tunavyofanya sote, unazibana kwa midomo ili mikono iwe huru. Bosi akakiinua kile kizibao, nusu hivi, nusu vile.

"Pedeli. Mahameli yana upande. Hata mwanafunzi wa wiki mbili anajua. Umenifanya nimdanganye mtu machoni. Hukumuuliza mtu yeyote humu ndani kabla hujakata?"

Shemeji akanitazama. Mara moja tu, upesi, akahamisha macho.

Pini tatu. Kuzitema ni sekunde moja. Kila siku nazitema mara mia, nikitaka kumtania mtu, nikitaka chai, nikitaka kumwambia jirani habari ya mtu ambaye hata hanihusu. Mimi, ambaye sijawahi kunyamaza mbele ya pengo.

"Sikumuuliza mtu," shemeji akasema.

"Basi Jumatatu usije."

Nilirudisha macho kwenye kifungo. Nilikipachika vizuri sana kile kifungo.

Njiani shemeji alitembea mbele yangu, haraka, mimi nyuma nikihema. Tulipofika akakunja shati zake nne, akakunja blanketi, begi likajaa kwa dakika kumi. Kisha akasimama katikati ya sebule bila kujua mikono aiweke wapi.

"Kaka hajafika," akasema. "Acha nicheze moja."

Akapuliza kaseti, akawasha. Nilisimama nyuma yake. Safari hii sikuwa na mwiko, na sikusema geuza. Matofali yakawa yanashuka, naye akayapanga, mstari ukafutika, na mwingine, na mwingine. Thelathini. Hamsini na tano.

"Leo hunielekezi?" akauliza bila kugeuka.

"Sina la kusema."

"Leo kweli kuna msiba."

Nikakaa. Nikainuka. Nikaenda jikoni, nikafunua sufuria, nikafunika, nikarudi. Nilijihisi kama mguu wake umehamia kwangu.

"Shemeji," nikamwambia, "kwa nini hukusema kwamba uliniuliza?"

"Halafu?"

"Halafu bosi angejua."

"Halafu wewe ungekuwa hapa na begi, na kaka angekula mkate mkavu mpaka lini?" Akateremsha fimbo, mistari minne ikafutika pamoja. Tisini na mbili. "Shemeji, mimi nimeshafukuzwa mara mbili, hii ya tatu. Njia naijua. Wewe utaanza leo kujifunza, na umri huo?"

Nilitaka kumpiga na mto. Nilitaka kulia. Nilisimama tu, nikiangalia namba inapanda. Mia na kumi. Mia ishirini na sita. Matofali yalikuwa yanashuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, muziki unakimbia, na yeye mguu unapiga sawasawa na ule muziki. Mia na thelathini na tisa, pale tulipofia siku ya mboga, akapapita kana kwamba hapaoni. Mia arobaini na nne.

Funguo zikalia nje. Ni mume wangu, huwa anazitikisa kutafuta ya mlango ingawa ni zile zile mbili kila siku. Shemeji akanigeukia, akaniwekea padi mikononi.

"Shika. Usiiache ife."

Akachukua begi.

Nikashika. Ningefanya nini? Tofali linashuka, nikageuza, likaingia. Jingine. Nyuma yangu mlango ukafunguka. Sikugeuka, lakini nilisikia kila kitu.

"Umefukuzwa," mume wangu akasema.

"Nimefukuzwa."

"Umefanya nini tena?"

"Nimekata vibaya."

Mia arobaini na tano. Nilikuwa nabonyeza kwa nguvu mpaka kidole gumba kinauma.

"Nilikwambia," mume wangu akasema.

"Uliniambia, kaka."

Nikasikia mume wangu anasogea pembeni kumwachia mlango. Mia arobaini na sita. Nyoka akashuka, nikageuza, nikageuza tena, macho yangu kwenye skrini, na ndipo nilipojishtukia. Nilikuwa nacheza vile kwa bidii ili nisigeuke. Mchana nilikuwa na pini, sasa nina padi. Lakini mdomoni hakukuwa na kitu.

Niliitupa ile padi chini.

"Ni mimi!" nilipiga kelele kana kwamba wako ng'ambo ya barabara. "Mimi ndiye niliyemwambia ageuze! Akaniuliza kama kitambaa kina upande, nikamwambia kata! Bosi akauliza, na mimi nilikuwepo pale pale, nikanyamaza! Nilikuwa na pini mdomoni nikajifanya siwezi kusema! Usimfukuze, bwana. Ukimfukuza yeye, nifukuze na mimi."

Nyuma yangu muziki ukakimbia, ukakimbia, ukakatika.

Mume wangu alinitazama. Hajawahi kunitazama vile, na sitaki anitazame vile tena. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na begi begani, anatazama nyuma yangu, kwenye televisheni, mdomo wazi.

"Shemeji!" akasema. "Mitatu! Ilikuwa imebaki mistari mitatu tu nimpite!"

Mume wangu akageuka kuitazama skrini. "Mia arobaini na sita," akasoma polepole. Kisha akalishusha lile begi kutoka begani mwa mdogo wake, akalipeleka nyuma ya kochi, akaliweka pale pale linapokaa siku zote.

Jumatatu tulikwenda kazini wawili, mimi mbele. Nilimwambia bosi nimesimama, kabla sijakaa, kabla sijashika pini. Alisikiliza mpaka mwisho. Shemeji akarudishwa mezani kwake. Mimi nikaondolewa dirishani, na hadi leo nashonea pembeni ya mlango wa choo, kwenye giza, kila anayekwenda haja ananisalimia. Si haba, nimekuwa mtu wa salamu nyingi.

Kile kizibao cha thelathini, ambacho bosi alikifuta kwenye hesabu ya hoteli, shemeji alikimalizia mwenyewe, akakitundika ukutani juu ya meza ya kukatia. Na tangu siku hiyo hakati kitu bila kuniuliza. Iwe kaki, iwe shuka, iwe kitambaa cha mfuko wa suruali, anasimama na mkasi wake, mguu unapiga, anapaza sauti karakana nzima isikie: "Shemeji! Hiki kina upande?" Wenzangu wanacheka. Mimi natema pini, nainuka, nakwenda mpaka mezani, nakipapasa huku na huku, ndipo namjibu.